Upande Usiolaliwa

Mimi si mtu wa kudanganywa. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo nimejifunza kwamba mgonjwa ndiye mwongo wa kwanza duniani. Vidonge alivyovitupa dirishani anasema kameza. Soda aliyokatazwa anasema hata ladha yake kaisahau, na chupa iko chini ya kitanda. Huwa nawaambia mficha maradhi kilio humuumbua, kisha nainama, naitoa chupa, naiweka mezani tunatazamana. Kwa hiyo nilipogundua kuna mtu ananidanganya ndani ya nyumba yangu, tena juu ya kitanda changu, sikulia. Nilianza upelelezi.

Niwaanzie kwenye godoro, maana yote yalitokea huko.

La zamani tulililalia miaka kumi na tisa, mpaka likafanya shimo katikati kama karai. Ungelala pembeni, lakini kabla hakujapambazuka umeshateremka, mmegongana vipaji vya uso. Mume wangu alilipenda lile shimo. Alikuwa akisema ndoa yetu haishikiliwi na cheti, inashikiliwa na shimo. Mimi mgongo ulikuwa umeniisha kwa kuinua wagonjwa, nikasema basi, inatosha, shimo na liende zake.

Mume wangu ni fundi wa kufuli na funguo. Ana kibanda chake kona ya soko, na mtaa mzima wanamwita Mzee Funguo. Mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu, na kitasa kilichowashinda mafundi watatu akikishika yeye kinafunguka kama kilikuwa kinamsubiri. Watoto wetu wamekua, kila mmoja ana mji wake, tumebaki wawili. Katika miaka thelathini ya ndoa sikuwahi kumkamata na uongo hata mmoja, na hilo peke yake lilitakiwa kunitia wasiwasi mapema.

Godoro tulilinunua kwa mtu tunayemwita Garantii, kwa sababu hata kamba ya kufungia mzigo anaiapia garantii. Ila kazi yake anaijua, siwezi kumnyima haki yake. Wauzaji wengine wanakuambia rukaruka usikie. Garantii ana jiwe la mzani, la chuma, la duara, la kilo kumi. Analiweka juu ya godoro, anahesabu mpaka mia bila kupepesa macho, kisha anachukua rula ya shule anapima limezama kiasi gani. Namba anaiandika kwa kalamu kwenye lebo. Letu lilipimwa pande zote mbili, likaandikwa mbili na mbili. Sentimita mbili tu. Nilimwambia hili si godoro, ni barabara.

Akacheka, akanipa masharti. Godoro jipya likiwa gumu, alisema, si kosa lake, ni ugeni, halijawajua. Lilaliwe siku thelathini bila kuruka, kila mtu upande wake. Kila wiki mbili lizungushwe, kichwani kuwe miguuni. Mchana likanyagwe taratibu kwa miguu mitupu. Chaga za kitanda zikaguliwe, maana chaga iliyopinda hufanya hata pamba iwe jiwe. Na madirisha yafunguliwe jua liingie, sponji ikipata joto hulegea. Miezi miwili ikipita na bado ni gumu, atakuja na jiwe lake apime, na kama ana kosa atalibeba kwa mgongo wake mwenyewe kulirudisha.

Wiki ileile nikapangiwa zamu za usiku wodi ya wanaume, kwa sababu mwenzangu alikwenda kujifungua. Miezi miwili. Natoka nyumbani saa kumi na mbili jioni, narudi saa mbili asubuhi. Nikirudi nakuta chai iko tayari na kitanda kimetandikwa, tunakunywa chai, yeye anakwenda kibandani, mimi naoga nalala mchana kutwa. Siku mbili za mapumziko kwa wiki tulikuwa pamoja, lakini mtu wa zamu za usiku akishika mto saa tatu ni gogo. Nilimwacha ameegemea ubao wa kitanda anasoma gazeti, nikifumbua macho ameshaamka, yuko jikoni.

Mwanzoni niliteseka na lile godoro, sisemi uongo. Nililikanyaga kama nilivyoambiwa, huku nimeshika ukuta. Nilifungua madirisha. Wiki ya nne mgongo ukaanza kunishukuru. Lakini mume wangu, ambaye hajawahi kulalamikia hata chai iliyosahauliwa sukari, kila asubuhi wimbo ni mmoja: godoro gumu. Mbavu zinamuuma. Hakupata usingizi. Bora lingerudishwa.

Nikamwambia basi tulizungushe kama tulivyoelekezwa, labda upande wake una kasoro. Akasema kesho. Kesho ikafika, akasema Jumapili. Jumapili akasema mkono umemshika. Wiki nane zikapita, mwanaume mzima anashindwa kushika ncha ya godoro. Hapo nikaanza kumshuku Garantii. Nilisema huyu katuuzia godoro lililovalishwa kitambaa kipya, ndani yake kuna sponji mbili tofauti, ya kwangu nzima na ya mume wangu makapi. Njia ya mwongo ni fupi. Nikamtumia ujumbe aje na jiwe lake.

Alikuja asubuhi, mume wangu ameshatoka. Akavua viatu mlangoni, akaingia na jiwe kifuani kama amebeba mtoto. Alianza na upande wangu. Akahesabu mia, akapima. Nne na nusu. Akatabasamu, akasema hilo ni godoro linalokua vizuri. Akazunguka upande wa mume wangu, akaweka jiwe, akahesabu mia, akapima. Akatoa jiwe, akalisogeza chini kidogo, akahesabu tena. Akainama akasoma lebo, akaona bado iko miguuni palepale, akaniuliza kama tulilizungusha. Nikasema hapana. Akabaki ameshika rula, hataki kunitazama.

"Sista," alisema, "mimi siuzi godoro bovu. Hapa ni mbili. Mbili ileile ya dukani. Upande huu haujalaliwa."

Nikamwambia apime vizuri. Akapima mara ya tatu, sehemu ya kiuno, sehemu ya mabega, sehemu ya miguu. Mbili, mbili, mbili. Pale kichwani tu, karibu na ubao, palikuwa pamebonyea kidogo, akasema kama mtu aliyekuwa akikaa. Mimi hilo la kukaa sikulisikia. Nililisikia lile la kwanza. Nilimsindikiza Garantii mpaka mlangoni, nikamshukuru kwa adabu zote, nikafunga mlango, nikakaa kitandani upande wangu nikautazama ule mwingine.

Wiki nane mtu analalamikia godoro asilolilalia. Mbavu zinamuuma, mbavu gani? Sasa kama mume wangu halali hapa usiku ninapokuwa kazini, analala wapi? Jibu la swali hilo hata mtoto wa chekechea analo.

Miaka thelathini. Nimeshika ndoo za watu nisiowajua usiku kucha ili nyumba isimame, kumbe nyumba ndogo nayo imesimama upande wa pili. Niliapa sitamuuliza kitu. Ukimuuliza mwongo unampa nafasi ya kujipanga. Nitakaa kimya kama maji ya mtungi, na mambo yatajileta yenyewe.

Na haki ya Mungu, yalijileta.

La kwanza, viatu. Mume wangu amevaa viatu vya kamba tangu nimjue, vyeusi, anavipiga rangi kila Jumapili. Sasa vilikuwa vimekaa chini ya kabati na vumbi, na miguuni ana sandali mpya za ngozi, tena pana, za kijana. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, mbona sandali? Akasema joto. Joto limeanza lini, na miaka yote hiyo tuliishi kwenye jokofu?

La pili, mkanda. Nilikuwa nakunja suruali zake nikaona mkanda umesogea matundu mawili, na tundu jipya limetobolewa kwa msumari. Mtu ananenepa. Nyumbani anakula nini? Nusu sahani, tena kwa kusukumiza, anasema ameshiba. Sasa ameshibia wapi? Nikasema ala, kumbe kuna mpishi.

La tatu ndilo lililonikata maini. Asubuhi moja nilirudi mapema kidogo, nikamkuta amesimama mlangoni na ufunguo mkononi, anahema. Anahema kama mtu aliyekimbia mtaa mzima ili anitangulie kuingia. Jasho linamtoka kwenye paji. Akasema, "Nilikuwa natoa takataka." Nikaangalia pipa, kweli lilikuwa nje. Lakini pipa letu na mlango haviachani hatua kumi. Nani anahema kwa hatua kumi?

Nilibaki na mtu mmoja wa kumuuliza, naye ni wifi yangu, dada yake mume wangu. Anashona mapazia na mito, ana cherehani mbili barazani kwake. Wifi na mimi tunapendana kwa tahadhari. Nikamwendea mchana badala ya kulala, nikajifanya natafuta kitambaa cha foronya. Tukazungumza habari za watoto, habari za mgongo wangu, na habari za godoro. Kisha nikasema, kama utani, siku hizi kaka yako kawa kijana, kavaa sandali. Wifi akaacha kukanyaga cherehani. Akaniuliza kama kaka yake ana shida yoyote. Nikamuuliza shida kama ipi. Akasema hapana, basi tu.

Basi tu! Nikajua kuna jambo. Nikamkazia macho yale ninayowakazia wagonjwa wa sukari. Haikuchukua dakika, akatapika. Kaka yake alikuja mwezi uliopita akataka ashonewe mto mkubwa, wa kukaza, uliojaa kweli, na akamwomba asinitajie.

"Wa nani?" niliuliza.

"Wifi, sikumuuliza. Nilidhani ni wa kwenu."

Kwetu kuna mito minne. Naifahamu kama vidole vyangu, maana naifua mimi. Hakuna mto mkubwa, hakuna wa kukaza. Kwa hiyo mume wangu alikwenda kwa dada yake wa tumbo moja, akashonesha mto, akaupeleka kwenye kitanda ambacho mimi sikijui, alaze kichwa chake kwa raha. Na kwangu anasema godoro gumu. Nilimuaga wifi bila kitambaa. Njiani machozi yalinitoka nikayafuta kwa kitambulisho cha kazi, ndicho kilichokuwa karibu.

Siku hiyo nilipanga. Nilimwomba mwenzangu wa zamu anipokelee wodi mapema, nikamwambia nina jambo la kifamilia, naye kwa uso wangu hakuuliza. Nilitaka kufika nyumbani alfajiri, saa kumi na mbili badala ya saa mbili. Nilijua nitamkuta hayupo. Ningekaa kwenye kiti chake kikubwa cha sebuleni, kile kinachotazama mlango, ningevaa sare yangu na kofia, na ningemsubiri aingie na sandali zake. Hotuba nilikuwa nimeitunga wiki nzima. Ilianza na maneno "Karibu mgeni." Nilikuwa nimejiambia pia kwamba baada ya hotuba nitamkabidhi sanduku lake, na nililipanga kichwani shati kwa shati. Kama angeondoka ningeachwa na nini, hilo sikutaka kulifikiria.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka nilipofika. Nilivua viatu nje nikavishika mkononi. Mlango wetu una vitasa vitatu, vyote kavipachika yeye, na kila mwezi anavitia mafuta. Kitasa cha fundi hakilii. Niliingia kama mwizi kwangu mwenyewe.

Na kiti kilikuwa na mtu.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake kikubwa, amelala. Nawaambia ukweli, hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwamba yupo. Mtu unatunga hotuba wiki nzima, unafika, mwenyewe yuko nyumbani kama mume wa watu. Halafu nikaiona mito. Miwili ya kitandani kwetu nyuma ya kiuno chake, na juu yake mto mkubwa, wa kukaza, umevalishwa kipande cha pazia la mistari, mshono wa wifi. Mto wa nyumba ndogo ulikuwa sebuleni kwangu. Asubuhi zote alikuwa akiurudisha nyuma ya kiti kabla sijaingia, na ile miwili akiipanga kitandani na kutandika shuka juu ya kitanda kisicholaliwa.

Kichwa kilikuwa kimemwangukia mbele. Anapumua kama birika linalokaribia kuchemka. Miguu ameipandisha kwenye stuli, na soksi zilikuwa zimemchora mstari kuzunguka mguu, mstari wa ndani kabisa, nyama imevimba juu na chini yake.

Wodini nina maswali kumi na mawili ya kumpokea mgonjwa. Nimeyakariri, wanafunzi wa uuguzi wananitania kwamba nayasema hata nikisinzia. La nne: unalalia mito mingapi? La tano: viatu vinakubana? La sita: nguo zimekubana tumboni, unashiba haraka? La saba: ukitembea hatua kumi, unahema? Nilisimama sebuleni kwangu na viatu mkononi, na majibu yote nilikuwa nayo. Niliyakusanya mwenyewe, moja moja, kwa bidii. Nikayafungulia faili la uzinzi.

Nilipiga magoti pale kwenye stuli, nikambonyeza mguu kwa kidole gumba, juu ya mfupa, nikaachia. Godoro zuri, Garantii anasema, ukilibonyeza linarudi kabla hujataja jina lako. Mguu wa mume wangu haukurudi. Nilihesabu mpaka kumi. Kishimo cha kidole changu kilikuwa palepale.

Akafumbua macho.

"Umewahi leo," alisema.

"Unalalia mito mingapi?"

Swali lile analijua, kanisikia nikilisimulia mezani miaka yote. Alitazama viatu mkononi mwangu, akatazama mguu wake.

"Mitatu," alisema. "Wiki hii mitatu na kiti. Nikilala chini nazama."

"Na godoro?"

"Nililisingizia godoro kwa sababu halina mdomo," alisema. "Ulikuwa unarudi umechoka na wagonjwa arobaini. Nikaona huyu wa arobaini na moja asubiri zamu zako ziishe."

Nilimkasirikia kuliko kama ningemkuta na mwanamke. Mwanamke ningemfukuza. Nilimwambia ana akili ya kitasa, nikamwambia mengine ambayo hayaandikiki, huku namvalisha shati na vifungo vinanishinda. Akanishika mkono, akafunga vifungo mwenyewe. Akaniuliza kwa nini nimerudi mapema. Nikasema nilikuwa nimesahau kitu. Mpaka leo hajui kuhusu sanduku wala hotuba, na wewe unayesoma usimwambie.

Tulifika hospitali jua likiwa limetoka. Nilirudi kwenye wodi ileile niliyotoka, mwenzangu akadhani nimesahau mkoba, mpaka alipoona ninamsukuma nani kwenye kiti cha magurudumu. Wakamlaza kitanda cha dirishani, wakainua kichwa cha kitanda, wakamwekea oksijeni. Daktari wa zamu alikuwa kijana, nilimfundisha mwenyewe kufunga bandeji. Alisikiliza kifua muda mrefu. Moyo umechoka kusukuma, alisema, maji yamerudi nyuma, yamejaa miguuni na yanapanda mapafuni. Wangempa dawa ya kuyatoa. Akasema nimemleta siku nzuri, wiki moja mbele asingependa kusema ingekuwaje. Kisha akachukua fomu.

"Tangu lini hawezi kulala chali?"

Mume wangu akasema labda wiki mbili tatu. Bado anadanganya, na bomba puani.

"Wiki tisa," nilisema. "Andika wiki tisa."

Daktari akaniuliza nina uhakika gani. Nikamwambia tumenunua godoro wiki tisa zilizopita, na muuzaji kapima upande wake kwa jiwe, bado ni mpya. Kalamu ikasimama, kisha ikaandika. Akaniuliza, kwa heshima, na nilijua lazima aulize, kama nyumbani sikuona dalili yoyote.

"Niliona zote," nilisema.

Akainamia fomu yake. Mume wangu aligeuza uso dirishani, na mimi nikatoka nikaenda kwenye sinki la kunawia mikono, nikanawa mpaka ngozi ikawaka.

Alikaa wodini siku kumi na moja. Maji yalitoka, mkanda ukarudi tundu moja, kisha la pili, akaanza kuwatengenezea wauguzi vitasa vya makabati. Mimi siku hizo nililala nyumbani peke yangu, na nililala upande wake. Ulikuwa mgumu kama siku ya kwanza. Nililala chali, nikalala ubavu, mchana nikaukanyaga kwa miguu mitupu nikiwa nimeshika ukuta. Garantii aliniandikia kuniuliza kama nimeamua kulirudisha, maana muda ulikuwa umepita lakini kwa ajili yangu angevumilia. Nikamjibu aache, nusu yake ndiyo kwanza inaanza. Nikamwomba aniazime lile jiwe.

Aliporudi nyumbani alianza na mito miwili. Baada ya wiki tatu, mmoja. Mto wa wifi tumeuweka kwenye kiti, ni wa wageni.

Nimehamishiwa zamu za mchana, lakini tabia haijaniacha. Mtu aliyekudanganya wiki tisa kwa upole ule anaweza kukudanganya tena, na yeye akiulizwa hali huwa anajibu nzuri kabla hujamaliza swali. Simwamini. Kila asubuhi yeye akiwa jikoni naweka jiwe upande wake, nahesabu mia, napima. Juzi ilikuwa tatu na nusu. Kisha namfuata jikoni, nainama, nambonyeza mguu kwa kidole gumba, naachia. Ukirudi juu, ndipo namsalimia.